Mvukuto au mapafu? Kuchagua kati ya oksijeni, BiPAP na vifaa vya kukohoa

Oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, imesoma 88. Familia inachanga, na kabla ya wiki kwisha mashine ya oksijeni inanguruma pembeni ya kitanda. Kama mgonjwa ni mama aliyepikia kuni miaka arobaini na mapafu yake yamechakaa, huenda wamefanya sawasawa. Kama ni kijana mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, huenda wamemnunulia kitu kitakachompa usingizi mzito na rangi nzuri midomoni, kisha asubuhi moja asiamke. Oksimita haikuwaonyesha tofauti hiyo, wala haina uwezo wa kuionyesha.

Mhunzi akiona moto unafifia hutazama vitu viwili: mkaa na mvukuto. Kifua nacho kina sehemu mbili. Mapafu ndiyo yanayobadilishana hewa na damu. Kiwambo (msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo), misuli ya mbavu na ya tumbo, pamoja na mishipa ya fahamu inayoiamuru, ndiyo mvukuto. Upande wa mvukuto wamo wagonjwa wa ALS na SMA (neva zinazoendesha misuli hufa), wa Duchenne, waliovunjika shingo, waliobaki na athari za polio, na wenye kibiongo kikubwa, kikiwemo kile kinachoachwa na TB ya uti wa mgongo. Upande wa mapafu kuna COPD (ugonjwa sugu wa kubanwa kwa njia za hewa) ya sigara au ya moshi wa kuni na mkaa, bronkiektasisi (njia za hewa zilizotanuka na kujaa makohozi), makovu baada ya TB, na mapafu yaliyokakamaa.

Guillain-Barré na miasthenia gravis, magonjwa mengine yanayolegeza misuli, ni ya mvukuto pia, ila hayasubiri mtu alinganishe vifaa. Nguvu ikishuka kwa saa au kwa siku chache, sauti ikififia na mate yakimshinda kumeza, mgonjwa apelekwe kwenye hospitali yenye ICU. Asingojewe mpaka namba ya oksimita ishuke, kwa sababu hapo hushuka mwisho kabisa.

## Kujua ni upande upi

Mvukuto dhaifu hujitokeza usiku kwanza. Katika usingizi wa ndoto misuli mingi ya mwili hulegea na kazi yote huachiwa kiwambo. Kama kiwambo chenyewe kimechoka, hewa ukaa hujaa. Ndiyo maana dalili zake hazifanani na tunachodhani ni kukosa pumzi: kichwa kuuma asubuhi kisha kuacha baada ya muda mfupi wa kuamka, ndoto mbaya, kusinzia mchana, kushindwa kulala chali, kuongea sentensi fupifupi. Mlaze chali umtazame. Tumbo likizama ndani pale anapovuta hewa, badala ya kuinuka, kiwambo hakifanyi kazi. Mgonjwa wa COPD naye hubanwa anapopanda ngazi, hutoa hewa kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na mara nyingi hukunja midomo kama anayepuliza chai ya moto.

Kipimo cha bure ni kuhesabu kwa pumzi moja. Aketi, avute hewa mpaka mwisho, ahesabu kwa sauti ya kawaida, namba mbili kwa sekunde. Mtu mzima mwenye afya hufika kwenye arobaini au hamsini. Asiyefika ishirini anahitaji kupimwa zaidi. Hapa pana mtego wa lugha: viwango hivyo vilitengenezwa kwa namba za Kiingereza, na “kumi na saba” ina silabi nyingi kuliko mwenzake. Basi ahesabu moja hadi kumi, arudie moja hadi kumi, na wewe uhesabu makumi kwa vidole. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Kipimo cha pili ni kile cha plastiki cha wagonjwa wa pumu (peak flow meter). Badala ya kupuliza, akohoe ndani yake kwa nguvu zote, midomo imebana au barakoa ya mpira imeunganishwa. Chini ya lita 270 kwa dakika, mafua ya kawaida yanaweza kugeuka nimonia, na ni wakati wa kumfundisha kukohoa kwa msaada. Chini ya 160, kikohozi hakiondoi tena makohozi. Hiki ndicho kipimo tunachoona kinapuuzwa kuliko vyote, ingawa kifaa chake kiko karibu katika kila kliniki ya pumu.

Hospitalini kuna spairometri, kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine. FVC, yaani hewa yote anayoweza kuitoa baada ya kuvuta mpaka mwisho, ikiwa chini ya asilimia 50 ya inayotarajiwa kwa mgonjwa wa ALS, mazungumzo ya BiPAP, mashine inayosukuma hewa kifuani kupitia barakoa, yasiahirishwe. Ipimwe ameketi, kisha amelala. Ikipungua kwa robo anapolala, kiwambo ndicho mshitakiwa. Kwenye COPD, FVC inaweza kuwa si mbaya, ila hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hiyo FVC.

Mwamuzi wa mwisho ni hewa ukaa kwenye damu ya ateri. Kawaida ni milimita 35 hadi 45 za zebaki. Pasipo na mashine ya gesi za damu, omba bikaboneti kwenye kipimo cha kawaida cha chumvi za damu. Ikiwa zaidi ya milimoli 27 kwa lita bila sababu nyingine kama kutapika sana au dawa za kukojoza, figo zimekuwa zikifidia hewa ukaa iliyozidi kwa siku nyingi.

Kuhusu oksimita ya kidole, mambo matatu. Kwenye ngozi nyeusi husoma juu kuliko ukweli: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba oksimita iliposoma 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa na oksijeni chini ya 88 kwenye damu, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Piko nyeusi na rangi ya kucha huzuia mwanga, kwa hiyo tumia kidole kitupu au ndewe. Na Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hata mzima husoma chini kidogo kuliko wa Mombasa.

## Oksijeni peke yake, au mashine ya kusukuma hewa?

Hesabu hii inaeleza hatari vizuri kuliko onyo lolote. Usawa wa bahari, kwa hewa ya kawaida, oksijeni iliyomo ndani ya vifuko vya mapafu, kwa milimita za zebaki, ni takriban 150 kutoa hewa ukaa iliyogawanywa kwa 0.8. Hewa ukaa ikiwa 40, unapata 100, na mgonjwa yuko salama. Ikipanda hadi 80 unapata 50. Oksimita inaanguka chini ya 85 na nyumba nzima inashtuka. Sasa mpe oksijeni kidogo ya puani, tuseme afikie asilimia 28. Ile 150 inakuwa 200. Kutoa 100, unabaki na 100. Oksimita inasoma 96, watu wanamshukuru Mungu, na hewa ukaa bado ni 80. Kesho ni 90. Kengele pekee mliyokuwa nayo nyumbani mmeizima wenyewe.

Kwa hiyo kwa mgonjwa wa mvukuto asiye na ugonjwa wa mapafu, namba ikishuka chini ya 95 bila oksijeni, ichukuliwe kuwa mojawapo ya mambo matatu: hapumui vya kutosha, makohozi yameziba, au kuna nimonia au sehemu ya pafu iliyosinyaa. Daktari John Bach wa New Jersey amefundisha utaratibu huu kwa miongo: kwanza mashine imsaidie kupumua, pili makohozi yatolewe, na kama namba bado haipandi, atafutwe nimonia. Oksijeni ina nafasi yake kwenye hiyo nimonia, hospitalini, ikiwa imeunganishwa kwenye BiPAP na hewa ukaa inapimwa.

Kwa COPD mambo yanageuka. Majaribio mawili, la Marekani la 1980 na la Uingereza la 1981, yalionyesha kuwa oksijeni ya saa 15 au zaidi kwa siku huongeza maisha ya wenye upungufu mkubwa: oksijeni ya damu ya ateri milimita 55 za zebaki au chini wakati hali imetulia, au 56 hadi 59 ikiwa upande wa kulia wa moyo umeanza kushindwa au damu imekuwa nzito. Saa mbili mchana na mbili jioni hazitoshi. Upande wa pili, jaribio la Marekani la 2016 kwa wagonjwa 738 wenye upungufu wa wastani halikuona faida ya kurefusha maisha wala kupunguza kulazwa. Mgonjwa wa namna hiyo anayehema kwa shida husaidiwa zaidi na mazoezi ya kutembea yanayosimamiwa, dawa za kuvuta zinazotumiwa kwa usahihi, na feni ndogo ikipuliza usoni. Feni si mzaha: upepo kwenye mashavu na pua hutuliza hisia ya kukosa pumzi.

Aliye na COPD na anayepata oksijeni nyumbani alenge 88 hadi 92, asikimbilie 99. Akibanwa, ndugu asizungushe kitufe kutoka lita 2 hadi 5. Mapafu yaliyoharibika yameelekeza damu kwenye sehemu chache zinazofanya kazi, na oksijeni nyingi huvuruga mpangilio huo hadi hewa ukaa ikapanda. Nebulaiza (mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) ya mgonjwa huyu iendeshwe kwa kompresa ya hewa, isiendeshwe kwa mtungi wa oksijeni.

Wapo pia wa COPD wanaohitaji vyote viwili. Aliyelazwa kwa kubanwa sana, na wiki mbili hadi nne baadaye hewa ukaa yake bado iko juu ya milimita 53, afikiriwe BiPAP ya usiku pamoja na oksijeni. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2017 lilionyesha muda wa kati kabla ya kulazwa tena au kufariki ukiwa miezi 4.3, dhidi ya 1.4 kwa waliopewa oksijeni tu.

## Konsentreta au mtungi

Mtungi mkubwa wa hospitali wa aina ya J hubeba takriban lita 6,800. Gawanya kwa mtiririko: lita 2 kwa dakika ni dakika 3,400, sawa na saa 56 na dakika 40. Kwa saa 15 kwa siku hata siku nne hazitimii. Mtungi basi ni akiba ya umeme unapokatika, na anayeufanya chanzo kikuu atakuwa anabeba mitungi maisha yake yote.

Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewa ya chumbani, ya lita 5 hula wati 350 hivi. Saa 15 ni uniti 5 na robo kwa siku, karibu 157 kwa mwezi. Kwa Tanzania, nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 itavuka kiwango hicho mwezi wa kwanza tu, na hilo liingizwe kwenye bajeti kabla ya kununua, si baada ya kuona LUKU inavyokwisha. Linganisha na BiPAP isiyowashiwa kipasha unyevu: wati 40 kwa saa 8 ni theluthi moja ya uniti kwa usiku, kama 10 kwa mwezi.

Tofauti hiyo huonekana zaidi umeme ukikatika. Betri ya kawaida ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Baada ya upotevu wa inveta zinabaki kama 520. Hizo zinaendesha konsentreta saa moja na nusu. BiPAP zinaiendesha usiku kucha na zaidi.

Hitilafu ya kwanza ya konsentreta ni vumbi. Chujio la sponji lioshwe kila wiki kwa sabuni, likauke kabisa, na mashine isisukumwe ukutani wala kufunikwa kwa kitambaa cha mapambo (hili tunalisema kwa sababu hutokea sana). Kifuniko cha chupa ya maji kikikaa upande, oksijeni huvujia hapo na mrija hautoi kitu huku kijimpira cha kipimo cha mtiririko kikielea vizuri. Chovya ncha za mrija kwenye glasi ya maji. Pasipo mapovu hakuna oksijeni. Kwa lita 4 au pungufu za puani, chupa hiyo ya maji si lazima hata kidogo, na ikitumika maji yachemshwe na yabadilishwe kila siku. Jiko la mkaa, sigara na mshumaa visiwe chumba kimoja na mgonjwa, na puani asipakwe mafuta ya mgando ya petroli.

## CPAP, BiPAP, ventileta

CPAP hupuliza shinikizo moja bila kubadilika. Hufungua koo la anayekoroma na kukatika pumzi usingizini. Haimsaidii mtu kupumua. Kwa mvukuto dhaifu inaweza hata kuongeza kazi, maana anasukuma dhidi yake kila anapotoa hewa. Kwa sura inafanana na BiPAP, na wauzaji huchanganya.

BiPAP ina shinikizo mbili, la juu akivuta na la chini akitoa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayopumua kwa niaba yake. 10 juu ya 8 haifanyi kazi yoyote ya maana. Mtego mwingine wa dukani: zipo BiPAP zilizotengenezwa kwa ajili ya kukoroma, zisizo na pumzi za akiba. Kwa ugonjwa wa misuli mashine lazima iwe na hali inayoandikwa ST, ambayo hupumua yenyewe pale mgonjwa anaposhindwa kuiamsha. Uliza hilo kabla ya bei.

Mipangilio ya kuanzia, ambayo daktari au mtaalamu wa upumuaji huirekebisha kwa hewa ukaa na usingizi wa mgonjwa, hutofautiana hivi:

| | Mvukuto dhaifu | COPD yenye hewa ukaa |
|---|---|---|
| Shinikizo la juu (sentimita za maji) | anza 8–10, panda hadi kifua kiinuke vizuri | panda polepole hadi 20–30 |
| Shinikizo la chini | 4–5 | 4–6 |
| Pumzi za akiba kwa dakika | 12–16 | 12–16 |
| Muda wa kuvuta | sekunde 1.0–1.5 | karibu 0.8–1.0, ili abaki na muda mrefu wa kutoa |
| Oksijeni | kwa kawaida hapana | ya kufikia 88–92 |
| Kosa la kawaida | mashine haisikii juhudi zake, au inakata pumzi mapema | hewa inabaki imenaswa kifuani |

Safu ya mwisho inahitaji maneno zaidi. Mgonjwa wa misuli huvuta kidogo mno, na mashine ikidhani amemaliza hufunga pumzi kabla haijajaa. Ndiyo sababu ya kuweka muda wa chini wa kuvuta na kuifanya iamke kwa juhudi ndogo kabisa. Wa COPD ni kinyume: mashine huendelea kupuliza wakati yeye ameshaanza kutoa. Weka mkono tumboni kwake uhesabu. Tumbo likisogea mara 24 na mashine ikiitika mara 16, juhudi nane zinapotea kila dakika, na mgonjwa atakuambia tu kwamba “mashine inanipiga.”

Shinikizo la chini lisishushwe chini ya 4 kwenye mrija mmoja wenye tundu la kutolea hewa, kwani mtiririko huo ndio unaosafisha hewa ukaa kutoka kwenye mrija. Oksijeni ikiunganishwa kwenye BiPAP, washa BiPAP kwanza ndipo oksijeni; wakati wa kuzima, oksijeni kwanza.

Anayeihitaji mashine zaidi ya saa 16 kwa siku amevuka mpaka wa BiPAP. Anahitaji ventileta ya nyumbani yenye betri ya ndani na kengele, mashine ya pili ya akiba, na begi la Ambu (la kumpulizia hewa kwa kulibana kwa mkono) kando ya kitanda ambalo kila mtu mzima nyumbani ameshajifunza kulibana. Faida yake nyingine ni mrija wa mdomoni: mchana hutegeshwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na midomo, naye huvuta pumzi anapoitaka, anaongea na kula bila barakoa usoni.

## Barakoa

Barakoa ndiyo inayoamua kama mashine itatumika au itaishia kabatini. Ya pua huacha mdomo huru kwa maneno na mate, na tunaianza hiyo kwa wengi wa ugonjwa wa misuli. Udhaifu wake ni hewa kutorokea mdomoni. Mkanda wa kidevu husaidia wengine. Ya pua na mdomo huziba vizuri zaidi na wagonjwa wa COPD huivumilia, lakini asiyeweza kuinua mikono asifungwe hiyo peke yake chumbani: akitapika hataweza kuivua. Zile ndogo zinazokaa kwenye tundu za pua huokoa ngozi, na ni vizuri kuwa nazo za kubadilishana usiku kwa usiku.

Tazama kama barakoa ina vitundu vya kutolea hewa. Yenye vitundu huenda na mrija mmoja wa BiPAP. Isiyo na vitundu, mara nyingi yenye kiwiko cha bluu, ni ya mashine yenye vali, au lazima mrija uwe na tundu lake. Ukichanganya, mgonjwa anavuta hewa aliyoitoa. Na mtu asizibe vitundu kwa plasta ati vinapiga kelele.

Mkanda ubanwe kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Kidonda juu ya pua huanza kwa wekundu, au kwa ngozi nyeusi kwa weusi uliokolea na maumivu, na huanza usiku wa kwanza. Kubana zaidi ili kuzuia uvujaji huharibu mto wa silikoni na uvujaji huongezeka. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini, bila jiki. Tumbo likijaa upepo, shinikizo la juu lipunguzwe kidogo au alale ameinuliwa.

## Kukohoa: mikono, Ambu, mashine

Wagonjwa wa misuli wengi hulazwa kwa sababu ya makohozi kuliko kwa sababu ya pumzi. Kikohozi kina hatua tatu: kujaza kifua, kufunga koo, kusukuma kwa tumbo. Msaada wa mikono hufidia hatua ya tatu tu: anavuta, unasukuma tumbo juu na ndani anapokohoa. Kama kifua hakikujaa, unasukuma pafu tupu.

Ndiyo maana tunapenda begi la Ambu lenye vali ya njia moja. Ni la bei ndogo kuliko mashine yoyote hapa na halihitaji umeme. Bana mara moja ashikilie, bana tena ashikilie, mara mbili hadi tano mpaka kifua kijae, kisha akohoe huku tumbo likisukumwa. Rudia mara tatu hadi tano, asubuhi na jioni, na zaidi akiwa na mafua, lakini si mara tu baada ya kula. Begi hilo lenye vali haliruhusu hewa kurudi. Liandikwe kwa wino mkubwa kwamba si la kuokoa maisha, na liwekwe mbali na lile la dharura. Yakichanganywa usiku, mtu atapulizwa asiweze kutoa.

Mashine ya kukohoza hujaza kwa shinikizo chanya kisha hugeuka ghafla kunyonya. Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni chanya 40 na hasi 40, ikianzia 15 au 20 ili azoee: sekunde 2 hadi 3 za kujaza, 2 hadi 3 za kunyonya, mapumziko mafupi. Pumzi tano, barakoa iondolewe, mate yafyonzwe, apumzike, kisha seti nyingine, hadi seti tano. Inaizidi Ambu pale ambapo mgonjwa hawezi kushikilia hewa au kikohozi chake hakifiki 160. ALS iliyokwisha kushika ulimi na koo ni ngumu zaidi: shinikizo kubwa la haraka hufanya koo lijifunge, hivyo chanya ipunguzwe na ipandishwe polepole.

Mashine hiyo isitumiwe kwa mwenye mapafu yenye malengelenge makubwa ya hewa au aliyepata hewa nje ya pafu hivi karibuni. Kwa COPD njia za hewa hujifunga zikinyonywa kwa nguvu. Huyu na mwenye bronkiektasisi au makovu ya TB wana dawa nyingine: apumue taratibu, avute pumzi ndefu tatu au nne, kisha atoe hewa kwa nguvu koo likiwa wazi kama anayetia ukungu kwenye kioo. Chupa ya lita moja na nusu yenye maji sentimita 10 na mrija wa mpira wenye upana wa sentimita moja hutosha kwa zoezi la kupuliza mapovu, pumzi kumi kisha kukohoa. Mdomo wa chupa uachwe wazi, maji yabadilishwe kila siku. Akitema damu, aache na aende hospitali, kwa sababu mapafu yaliyopita TB hutoka damu nyingi.

## Tundu la shingoni

Trakeostomi hufikiriwa mate na makohozi yanapoingia mapafuni mfululizo, na namba haikai juu hata kwa BiPAP na kukohoza. Inaondoa barakoa, inaleta kazi ya kunyonya usiku na mchana, bomba la ziada la kipimo kidogo kando ya kitanda, na watu wasiopungua wawili waliofunzwa. Mazungumzo yafanyike mgonjwa akiwa na sauti yake. Yakiachwa mpaka usiku wa dharura, huamuliwa na watu wengine.

## Mashine za mtumba kutoka nje

Ndugu walioko Marekani hutuma mashine, na nyingi ni nzuri. Adapta ya BiPAP kwa kawaida huandikwa volti 100–240, na hiyo unabadilisha plagi tu. Konsentreta ya nyumbani ya Marekani huandikwa volti 115, hezi 60. Transfoma hushusha volti zetu lakini haigeuzi hezi 50 kuwa 60. Mota huzunguka polepole na usafi wa oksijeni huanguka bila mtu kujua.

Juni 2021 Philips Respironics ilianza kurejesha mamilioni ya CPAP, BiPAP na ventileta kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inasagika na kuingia kwenye njia ya hewa, hasa kwenye joto na unyevu, na kwa waliosafisha kwa ozoni. DreamStation za kwanza zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili 2021 zimo. Soma namba ya mashine na uitafute kwenye orodha ya kampuni kabla ya kumwekea mtu usoni. Konsentreta nayo iwashwe robo saa, ipimwe kwa kipima oksijeni ikiwa kwenye mtiririko wa juu kabisa. Nzuri husoma 90 hadi 96. Ikiwa chini ya 82, usiinunue hata kama saa zake za kazi ni chache na ganda linang’aa, maana unga wa zeolaiti unaochuja hewa ndani yake umeshakunywa unyevu.